Nipe Kiwiko

Watu walimwita Kiwiko, naye akaitika. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye vitambulisho na kinywani mwa dada yake mkubwa, aliyelitumia akiwa amekasirika tu. Alikuwa seremala wa makabati ya jikoni, mtu mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio, penseli ambayo kila siku aliitafuta mfukoni kwanza.

Jina la Kiwiko alilipata kazini. Maseremala wengine wakiitwa kufunga sinki na makabati hupima ukuta, hupima dirisha, huuliza maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, kisha hao, wamekwenda zao. Kiwiko alianza na mwenye jiko. Alimsimamisha katikati ya sakafu bila viatu, akamwambia akunje mkono kana kwamba ameshika sinia. "Nipe kiwiko," alisema, kisha akateremsha futi yake kutoka pale mkono unapokunjika hadi sakafuni. Akipata kipimo alitoa sentimita kumi na tano, na hapo ndipo ukingo wa sinki ulipokaa. Hakukubali kubahatisha. Mume mmoja mwenye wivu alisimama mlangoni amekunja uso mpaka mkewe akamaliza kupimwa, halafu naye akapimwa, kwa sababu Kiwiko aliuliza ni nani hasa anayeosha vyombo humo ndani, na ukweli ukajulikana mbele ya mama mkwe.

Vipimo vyote aliviandika kwenye daftari lenye jalada jekundu. Mwalimu mrefu, mia na kumi na mbili. Mwenye duka la kona, mia na moja. Bibi wa nyumba ya mwisho, themanini na tisa. Miaka zaidi ya ishirini ya viwiko vya watu, na wenye viwiko hivyo walikuwa wakikutana naye barabarani wanamwambia kwamba tangu afunge lile jiko migongo haiwaumi. Yeye alitabasamu hadi jino la mwisho, maana sifa alizipenda, tusidanganyane.

Mke wake hakuwemo kwenye daftari. Hilo ndilo jambo lenyewe, na hakuna haja ya kuzunguka mbuyu.

Siku mkewe alipoanguka, Kiwiko alikuwa mtaa wa pili, ameshika kiwiko cha mke mpya wa fundi viatu. Simu ililia mara tatu akaiacha ilie, kwa kuwa alikuwa na msimamo wake kwamba kipimo hakikatizwi. Mara ya nne akapokea. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akamwambia aende hospitali moja kwa moja asipitie nyumbani, mama watoto ameanguka jikoni na hawezi kuinuka.

Ilikuwa nyonga ya kulia. Daktari aliifunga kwa chuma na skrubu, jambo ambalo Kiwiko alilielewa kuliko ndugu wengine waliokuwa wamekaa kwenye benchi, na kulielewa hakukumsaidia. Wiki sita asiukanyagie ule mguu. Binti yao mkubwa alifika siku hiyohiyo na kuamua mambo yote akiwa amesimama. Mama atakwenda kwake, nyumba yake haina ngazi, milango yake ni mipana, na kuna mtu wa kumgeuza kitandani. Baba abaki na kazi zake. Alivyolitamka lile neno "kazi zake", Kiwiko alishusha macho akatazama viatu.

Alasiri alikwenda nyumbani kuchukua nguo za mkewe. Jikoni hakuna aliyegusa kitu. Maji yalikuwa bado yametuama sakafuni, sponji iko mlangoni, vitunguu vimetawanyika hadi sebuleni. Na katikati, imegeuzwa kifudifudi, ilikuwepo droo.

Droo ile aliijua. Aliiunda kwa mikono yake na kuiunga pembe kwa meno yanayoumana, halafu ikakosa mahali pa kukaa. Miaka na miaka aliiona chini ya sinki imejaa vitunguu, naye akafurahi kwamba mke wake hatupi kitu. Sasa aliinama kuiokota, akaona kitako chake. Vanishi ilikuwa imeng'oka sehemu mbili, moja kushoto na moja kulia, mbao imebaki nyeupe na laini, na kila sehemu ilikuwa na umbo la unyayo mdogo. Aliweka kiganja juu ya unyayo mmoja. Kikaufunika wote.

Hakulia. Alichofanya ni kwenda kwenye sinki, akafungua bomba, akaosha kikombe kimoja kilichobaki pale. Huenda ilikuwa mara yake ya tatu au ya nne kuosha kitu kwenye sinki hilo tangu alifunge. Lilimkaa barabara. Mgongo umenyooka, mabega yametulia, maji yanamwagika mbali na tumbo. Halikuwa na kosa hata moja, ila ni sinki la mtu wa kimo chake, na aliyesimama pale mara tatu kwa siku kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwanamke anayemfikia kifuani.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka kumi na tisa nyuma walihamia nyumba hii, na jiko lilikuwa chumba kitupu, hatua tatu kwa mbili, dirisha upande mmoja, mlango upande wa pili unaofungukia ndani. Mke aliosha vyombo kwenye karai, amechuchumaa, na mumewe alimwahidi jiko litakalowafanya majirani wakose usingizi. Wakati huohuo mwalimu mrefu aliagiza makabati yake. Kiwiko aliyaunda yote, kwa kiwiko cha mia na kumi na mbili, ukingo wa sinki sentimita tisini na saba, na wiki ile ya kwenda kuyafunga mwalimu akahamishwa kikazi akapelekwa mbali. Makabati yakabaki karakanani yakila nafasi, kila mtu akijigonga nayo goti. Mwisho Kiwiko akayapakia kwenye mkokoteni akayaleta nyumbani. Mke wake alipoyaona yanaingia mlangoni alishika mdomo kwa mikono miwili.

Lakini yaliundwa kwa ajili ya jiko jingine. Yalikuwa marefu, na tundu la sinki liko mwisho wa kushoto, kwa hiyo hayakuweza kukaa chini ya dirisha. Yakawekwa ukuta wa pili, ule usio na kitu. Mwenye kuosha vyombo akalipa dirisha kisogo na kuosha ndani ya kivuli chake mwenyewe. Kabati la kona lilikutana na mlango, hivi kwamba mtu akitaka sufuria kubwa lazima afunge kwanza mlango wa jiko. Droo moja haikuingia kabisa. Kwa mteja, Kiwiko angeyavunja makabati yale yote kabla ya kumfungia namna hiyo. Nyumbani alisema yanatosha kwa sasa, jiko lenyewe atalifunga baadaye.

Na sasa lile jambo alilolikalia, ambalo alasiri hiyo, peke yake jikoni na kikombe mkononi, lilimjia bila kubisha hodi. Siku ile ya kufunga, kazi ilipokwisha, alikuwa amelala chali chini ya sinki anakaza bomba la maji machafu, na mkewe amesimama pale juu anajaribu. Kiwiko aliuliza kutoka huko chini, "Limekaaje?"

"Limekaa vizuri, Fundi," akajibiwa. Alimwita Fundi tangu walipokuwa wachumba, kwa utani ambao haukuisha.

Na yeye, akiwa amelala pale, alikuwa anatazama visigino vyake. Vyote viwili vilikuwa hewani.

Aliviona. Kama asingeviona, angejisamehe kwa ujinga, lakini aliviona, akajua maana yake, na hapohapo akapiga hesabu ya kushusha. Kukata kabati chini ni kazi ya asubuhi moja. Bomba la maji machafu ndilo lilikuwa tatizo: lilitoka ukutani kwa kimo fulani, na ukishusha sinki bila kushusha bomba, maji yanakataa kwenda. Ilibidi ukuta uvunjwe. Akajisemea wiki ijayo. Wiki ijayo kulikuwa na mteja, na wiki iliyofuata mwingine, kisha akavaa miwani ya mbao, na kwa seremala miwani hiyo haina shida kupatikana. Mkewe naye alitafuta droo akapanda juu. Alipomsikia mumewe anaingia uani alishuka, akaigeuza kwa mguu na kurudishia vitunguu. Ukijumlisha vizuri, hizo ni mara nyingi sana za kupanda na kushuka.

Jioni ile alipompelekea binti nguo za mama yake nyumbani kwake, waliongea nje, kando ya mlango, kwa sauti ya chini.

"Baba, mama harudi kwenye lile jiko," binti alisema.

Kiwiko akamwambia lile jiko halitakuwepo, atalivunja, atamfungia jingine.

"Umeanza kusema hivyo niko shule ya msingi."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana liliuma. Mwisho binti akakubali jambo moja: jiko likiwa linamfaa mama, atamleta mwenyewe kwa gari na kumwacha. Lisipomfaa, mama atabaki hapa na baba atakuwa anakuja kumtembelea Jumapili kama mgeni mwingine yeyote. Kiwiko alikwenda zake na hilo neno mgeni, akatembea nalo mpaka nyumbani.

Siku tatu baadaye, mkewe akiwa ameshahamia kwa binti, alirudi huko na daftari jekundu, futi, na soni iliyomjaa usoni. Mkewe alikuwa amelala chali, nywele zimesukwa upya na binti, anaonekana mdogo kuliko siku zote. Walizungumza kwanza habari za majirani, nani kauliza hali, nani kaleta nini. Kisha akatoa futi. Mkewe aliitazama futi hiyo akacheka kidogo, halafu kicheko kikaisha.

"Nipe kiwiko," alisema Kiwiko.

Mkewe akakunja mkono juu ya shuka. Alikuwa hawezi kusimama, hivyo Kiwiko alimpima akiwa amelala, kutoka kwenye kiwiko hadi kisigino cha mguu mzima, futi ikapita juu ya blanketi. Tisini na nne. Miaka yote hiyo ukingo wa sinki ulikuwa juu ya kiwiko chake kwa sentimita tatu. Kuosha sahani moja ilibidi anyanyue mikono kama kuku anayetaka kuruka ukuta.

"Viwiko vya wake za watu mtaa mzima umevishika," mkewe akasema, akiangalia dari. "Nikawa nasema, ipo siku na mimi nitaambiwa nisimame nivue viatu."

Kiwiko akauliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umefurahi siku ile. Umetoka chini ya sinki una vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Ningesema nini? Nikajiambia utaona mwenyewe."

"Niliona," alisema Kiwiko.

Hakupanga kusema. Lilimtoka. Mkewe aligeuza uso kutoka darini, akamtazama kwa muda mrefu, na macho hayo Kiwiko hakuyasahau. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu aliyesoma barua iliyochelewa akakuta ndani yake habari ambayo alikuwa anaiogopa tangu zamani. Akaomba afunikwe miguu, anahisi baridi. Kiwiko alimfunika, akabaki ameshika ncha ya blanketi, hajui aiache au aendelee kuishika.

Kesho yake alifunga karakana na kuwaambia wateja wote wangoje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata msibani. Akayang'oa makabati ya mwalimu mrefu moja baada ya jingine. Nyuma yake ukuta ulikuwa safi, rangi ya mwanzo bado inang'aa. Akamwita fundi bomba, rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa utani aliyejulikana kwa kuimba akiwa ameingiza kichwa ndani ya mashimo.

Safari hii Kiwiko alichora jiko kwa kufuata mwenye jiko. Sinki litakuwa chini ya dirisha, apate mwanga na kuona uani nani anapita. Mlango utang'olewa bawaba na kugeuzwa ufungukie nje, ili kabati la kona lifunguke lote. Sufuria kubwa zitakaa kwenye droo za chini zinazovutika hadi mwisho, asiiname kuchungulia. Kabati la juu halitakuwepo kabisa. Badala yake rafu moja, kimo cha macho yake. Hata nafasi ya vitunguu aliitengeneza, droo yenye matundu ya kupitisha hewa, kushoto kwa sinki. Nafasi ilikuwa finyu mno hivi kwamba alikata mfano wa kila kitu kwa maboksi kwanza, akayapanga sakafuni, akatembea katikati yake kwa hatua ndogondogo za mwanamke mfupi. Fundi bomba alimkuta akitembea hivyo, akakaa kwenye ndoo akacheka mpaka akaomba maji.

Lakini alipoambiwa kipimo aliacha kucheka. Aliuliza kimepimwaje. Kiwiko akamweleza: kitandani.

"Wewe?" akasema fundi bomba. "Wewe uliyemvua kaka yangu viatu na soksi ndipo ukampima? Ngoja asimame, ndugu yangu. Mtu aliyelala ni kama nguo iliyo kwenye kamba, haijakaa mwilini."

Akamshauri bomba la maji machafu waliteremshe zaidi wakati ukuta uko wazi, kisha wasubiri. Kiwiko hakutaka kusikia. Wiki sita zilikuwa zinakwenda mbio, na kichwani mwake alikuwa ameshaiona siku yenyewe: gari linasimama, mke anaingia, jiko liko tayari, hana la kungoja. Alikuwa amemngojesha vya kutosha. Kwa hiyo tisini na nne, toa kumi na tano, sabini na tisa. Ukuta ukachimbwa kwa tindo, bomba likapelekwa upande wa dirisha na kushushwa kwa kimo hicho, saruji ikapigwa, vigae vikarudi. Alipiga mbao randa hadi usiku. Kila ukingo aliusugua kwa msasa na kuupitishia shavu, kwa sababu kiganja cha seremala kimekuwa kigumu na hakihisi makwaruzo madogo.

Ile droo ya zamani hakuitupa. Aliiweka karakanani, juu ya meza ya kazi, nyayo zikitazama juu.

Siku ilifika, siku ya jua, saa nne asubuhi. Binti aliegesha gari mbele ya nyumba, akamshusha mama yake taratibu, akampa fimbo. Mfuko wa nguo ulikuwa kwenye kiti cha nyuma. Kiwiko alisimama mlangoni amevaa shati la kutokea, hajui aweke wapi mikono.

Mkewe alipita sebuleni akigusa viti kwa ncha za vidole. Mguu wa kulia ulikuwa umepungua urefu kidogo baada ya kuunga, akikanyaga mwili unalala upande huo, na mgongo nao ulikuwa umeinama kuifuata fimbo. Alipofika jikoni alisimama. Akatazama dirisha. Akavuta droo ya sufuria, ikaja yote bila sauti, akairudisha. Akafungua kabati la kona mlango ukiwa wazi, na hapo akatikisa kichwa akatabasamu, tabasamu la kweli, ambalo Kiwiko alilihesabu kuwa ujira wake wote. Binti aliyekuwa nyuma yao alipitisha mkono juu ya rafu na kukiri kwamba baba ameweza.

Kisha mama akaenda kwenye sinki. Akaegemeza fimbo kwenye kabati, akachukua kikombe, akanyoosha mkono kufungua bomba. Maji yakatoka. Jua la dirishani likamwangukia mikononi.

"Limekaaje, mama?" binti aliuliza.

"Limekaa vizuri."

Binti akashusha pumzi, akasema basi ngoja akalete mfuko wa nguo, akatoka.

Kiwiko alisimama pale alipo. Alikuwa amelisikia lile jibu kwa maneno yaleyale, sauti ileile, na hakutaka kuinama. Mfuko ulikuwa njiani. Dakika moja tu, mfuko ungekuwa chumbani, gari lingeondoka, na mke wake angekuwa nyumbani. Mkewe mwenyewe alitaka kubaki, ilionekana wazi. Hakuna aliyekuwa anamlazimisha mtu kutazama sakafu.

Akainama. Mguu wa kulia, ule uliopungua, ulikuwa unagusa chini kwa vidole tu. Kisigino cha mguu mzima kilikuwa hewani, kinatetemeka.

Mtu aliyelala chali amenyooka. Aliyerudi alikuwa amepinda kuelekea fimbo yake. Tisini na nne kilikuwa kiwiko cha mwanamke aliyekuwa hapa kabla hajaanguka. Kiwiko alimpimia jiko mwanamke yule wa zamani, akalimaliza kwa uzuri wote aliokuwa nao, likawa limechelewa wiki sita, au miaka kumi na tisa, itategemea unaanzia wapi kuhesabu.

"Mama," alisema, naye humwita hivyo kama watoto, "shusha kisigino."

"Kimeshuka."

"Hakijashuka. Nimekiona."

Mkewe alifunga bomba. Hakugeuka. "Nyamaza, Fundi. Anarudi sasa hivi na mfuko. Acha niingie nyumbani kwangu. Hizi sentimita mbili tatu nitazizoea. Mimi nimezoea."

Kiwiko alisikia hatua za binti zinapanda kibarazani. Neno lile la mwisho lilikuwa limemwingia na kukaa. Nusu ya umri wake wa ndoa alikuwa amekula chakula kilichopikwa na mtu aliyezoea.

"Ndiyo maana," akasema. Akageukia mlangoni, ambako binti alikuwa amesimama na mfuko mkononi, akamwambia asiuweke chini. "Halijakaa. Nilimpima amelala. Inabidi nivunje ukuta tena."

Binti alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa bado anaangalia nje ya dirisha na ameshika ukingo wa sinki. Hakugomba. Aliuliza itachukua muda gani. Kuvunja, kushusha bomba, kupiga saruji, kungoja ikauke, kukata makabati yote upya, vumbi na vifusi humu ndani na mtu anatembelea fimbo. Kiwiko akasema wiki tatu. Akaona ni uongo wa fundi, akajisahihisha, akasema tano.

Mkewe alikubali kuvua viatu. Akasimama katikati ya sakafu, akaachia fimbo kwa dakika moja, binti amemshika upande mmoja, akakunja mkono kana kwamba ameshika sinia. Kiwiko alipiga goti mbele yake. Hakusema yale maneno yake. Mkewe ndiye aliyemnyooshea kiwiko. Themanini na tano. Aliandika kwenye daftari jekundu, ukurasa mpya, na pale pa jina la mwenye jiko akaandika "Mama", akatazama lile neno moja lilivyokaa baada ya kurasa zote zile.

"Ungenyamaza ningekuwa nyumbani sasa," mkewe alimwambia wakati wa kupanda gari. Alikuwa anatokwa na machozi na hakuyafuta. "Miaka yote hukuniona, na siku niliyotaka usinione ndiyo umeniona."

Kiwiko alimsaidia kukaa vizuri kwenye kiti. Alimfungia mkanda, akamfungia mlango, akagonga paa la gari mara mbili. Mkewe aliteremsha kioo akaegemeza kiwiko dirishani, wala hakumpungia. Gari lilikwenda polepole kwa sababu ya mashimo, na kile kiwiko kikaonekana mpaka kwenye kona.

Alirudi ndani, akavua shati la kutokea. Kikombe kilikuwa bado ndani ya sinki, kimeoshwa nusu. Alikimalizia, akakiweka kwenye rafu ya kimo cha macho ya mkewe, kimo ambacho nacho kingebidi kishushwe. Kisha akaenda karakanani kuchukua tindo na nyundo, akaanza kugonga ukuta.